Kila aliyewapokea alipokea nusu yao

Ipo familia moja ya Tal Afar, kaskazini-magharibi mwa Iraki, ambayo nimekuwa nikiifuatilia kwa simu tangu mwisho wa mwaka 2014. Kwa muda mrefu mama aliandikwa kwenye orodha ya waliokimbia makwao mkoani Karbala, na binti yake akaandikwa kwenye ofisi ya uhamiaji ya Samsun, mji wa Uturuki ulio ukingoni mwa Bahari Nyeusi. Kabla ya hapo walikuwa mtaa mmoja, kiasi kwamba binti akikosa chumvi anatuma mtoto kwa bibi yake. Nimeandika habari hii kwa sababu kila nikisoma taarifa kuhusu Waturkmeni naona wanahesabiwa kama kundi moja lililokimbia pamoja. Hawakukimbia pamoja. Zilipasuka nyumba.

Ukimtajia mtu wa huku kwetu Waturkmeni, mawazo yake yanakimbilia Turkmenistan. Hawa wengine ni watu wa Iraki kwa karne nyingi, wanaongea lugha ya jamii ya Kituruki iliyo karibu na Kiazeri, na kwa wingi ni kabila la tatu nchini baada ya Waarabu na Wakurdi. Ukichukua ramani ukapiga mstari wa mshazari kutoka Tal Afar karibu na Syria, ukapita Mosul, Erbil, Altun Kupri, Kirkuk, Tuz Khurmatu, Amerli, hadi Mandali karibu na mpaka wa Iran, umeipita miji yao karibu yote. Mstari huo ndio mkosi wao. Umekaa katikati ya Waarabu na Wakurdi kuanzia juu mpaka chini, na Kirkuk ina mafuta, yale yaliyoruka kutoka kisima cha Baba Gurgur Oktoba 1927. Kila anayetaka kuvuta mpaka lazima aupitishe juu ya mapaa yao.

Tal Afar iko mbali na visima hivyo, yapata kilomita 60 magharibi ya Mosul. Kabla ya 2014 ilikuwa na watu wapatao 200,000, karibu wote Waturkmeni, wengine Masunni na wengine Mashia. Koo za pale zimechanganyika. Unaweza kukuta ukoo mmoja wenye jina moja una msikiti huku na husseiniya, ukumbi wa ibada wa Mashia, kule, na watu wanaoana. Mama ninayemzungumzia ni Mshia. Binti yake aliolewa na kijana wa Kisunni wa ukoo ule ule. Aliponieleza nilimuuliza kama haikuleta maneno. Akacheka, akasema maneno yaliletwa na mahari.

Mambo yaliharibika baada ya Wamarekani kuingia mwaka 2003. Mji ulipigwa Septemba 2004, ukapigwa tena Septemba 2005, na safari hiyo jeshi liliuzungushia tuta la udongo ili atokaye na aingiaye wajulikane. Tarehe 27 Machi 2007 lori la mabomu lililipuka kwenye mtaa wa Mashia likaua watu 152, kwa hesabu ya serikali. Usiku huo wanaume wenye silaha, wakiwemo polisi, wakaingia mitaa ya Masunni na kuua makumi ya watu. Tangu hapo kila upande ulijisogeza kwa wenzake. Wapo waliobaki wamechanganyika kwa ukaidi tu, na mama yule na mkwewe walikuwa miongoni mwao.

Kisha ikaja Juni 2014. Mosul ilianguka tarehe 10, na tarehe 16 Daesh, yaani wapiganaji wa kundi la Dola ya Kiislamu, wakaingia Tal Afar. Watu wakatoka usiku kuelekea Sinjar, nchi ya Wayazidi, watu wenye dini yao ya kale, safari isiyofika kilomita 60, wengine kwa magari, wengine kwa miguu. Familia hii ilitoka kwa gari dogo la mizigo la mkwe. Mama anakumbuka walibeba magodoro wakasahau maji, na joto la mwezi Juni huko si la kusahauliwa maji. Sinjar walilala madarasani, chini ya miti, kwenye majengo ambayo hayajaezekwa. Wenyeji wao Wayazidi waliwapa mikate. Wiki chache baadaye, tarehe 3 Agosti, wenyeji hao nao walifikiwa na Daesh, na yaliyowapata dunia nzima iliyasikia.

Lakini kabla ya Agosti familia ilikuwa imeshagawanyika. Serikali ya Baghdad na taasisi za maharamu (makaburi matukufu ya maimamu) ya Najaf na Karbala zilikuwa zinapeleka Mashia wa Tal Afar kusini, kwa mabasi na kwa ndege kutokea Kurdistan. Mama na wanawe wawili wa kiume wangepokewa. Mkwe alikuwa na tatizo: jina lake ni Omar, la khalifa wa pili, na mwenye jina hilo hujulikana mara moja kuwa Msunni. Kwa mwaka ule, mwanaume mwenye jina hilo kupita vizuizi vya wanamgambo wa Kishia mpaka Najaf ilikuwa kujipeleka mwenyewe. Yeye alikuwa na pasi ya kusafiria, na mkewe pia, kwa hiyo wakashika njia ya Dohuk na Zakho, wakavuka lango la Ibrahim Khalil kuingia Uturuki. Mama hakuwa na pasi. Walikubaliana kuonana mambo yakitulia.

Mimi mama nilimkuta barabarani. Nilikwenda ziara ya Arubaini, siku ya arobaini ya kuuawa kwa Imam Husein, Desemba 2014, na wanaokwenda wanajua: kutoka Najaf mpaka Karbala ni kama kilomita 80, nguzo zimepewa namba mpaka 1,452, na kando ya njia yote kuna husseiniya na mahema ya kuwapokea mazuwari, yaani watu wa ziara, kwa chakula na malazi. Kundi letu lilikuwa la watu wa Dar es Salaam na wachache wa Mombasa. Jioni moja miguu yangu ilikataa, nikaingia upande wa wanawake wa husseiniya moja kubwa iliyojengwa kwa matofali mekundu. Nikapewa godoro, nikapewa chai. Kiarabu changu ni cha Muscat, nilikokaa kwa shangazi utotoni, lakini waliokuwa wananihudumia hawakuwa wanaongea Kiarabu wao kwa wao. Nilidhani ni mazuwari wa Azerbaijan.

Walikuwa watu wa Tal Afar. Ukumbi ule ndio ulikuwa nyumba yao tangu Julai: familia nyingi, kila moja na kipande chake cha sakafu, mablanketi yametundikwa kwenye kamba kuwa kuta. Kwa ajili ya Arubaini kamba zilishushwa, mablanketi yakakunjwa, wakasogea vyumba vya nyuma ili sisi tulale. Godoro nililolalia lilikuwa la mama yule. Nilipolijua hilo nilitaka kumrudishia. Nikamwita khala, kama wanavyoitwa kule wanawake wa umri wake, nikamwambia mimi nalala popote. Alinikazia macho: “Binti yangu, wewe ni mgeni wa Husein. Mimi ni mgeni wake pia, ila nimekaa sana.”

Niliwauliza wanaishije. Mgao wa mwezi wa unga, mchele, sukari na mafuta, ambao kila Mwiraki anao tangu enzi za vikwazo vya 1990, unatolewa kwa kadi iliyoandikishwa mahali unapoishi, na kadi zao zilisema Tal Afar. Serikali ilikuwa imetoa dinari milioni moja kwa kila familia, mara moja. Kuna waliopata na waliokuwa bado kwenye foleni. Chakula kilitoka kwa taasisi za maharamu na wenyeji. Vijana walikwenda kusimama njia panda asubuhi kutafuta vibarua vya ujenzi. Watoto walifundishwa zamu ya jioni, kwa Kiarabu cha kusini ambacho wengine hawakukielewa. Vyoo ndivyo vilivyowachosha zaidi wanawake. Vimejengwa kwa ajili ya umati wa siku kumi kwa mwaka, viko mbali na ukumbi, na usiku binti hawezi kwenda peke yake. Hili sikulisoma kwenye ripoti yoyote. Nililisikia kwa kila mwanamke niliyezungumza naye, kabla hata ya kutaja Daesh.

Nitasema jambo ambalo baadhi ya ndugu zangu wa madhehebu hawatalipenda. Nilijivunia sana ukarimu ule, na bado najivunia. Hakuna shirika la kimataifa lililoweza kuwapa maelfu ya familia dari na chakula kwa kasi ile. Ila mlango ulifunguliwa kwa kipimo cha madhehebu, hata kama hakuna aliyesimama kizingitini kuuliza. Mama alipokewa, mkwe asingethubutu kubisha hodi. Na upande wa pili ni vivyo hivyo: Ankara imekuwa ikiwaita Waturkmeni ndugu wa damu tangu zamani, lakini macho yake zaidi yalikuwa kwa walio Masunni, na Mshia wa Tal Afar hakuhesabu Uturuki kama kwake. Kila mmoja alimkumbatia nduguye na kumwacha shemeji nje.

Kazi yangu ni nguo. Nachukua mzigo Istanbul, mitaa ya Laleli na Merter, napeleka Kariakoo kwa kago. Safari iliyofuata ile ziara nilimpigia binti, kwani mama alinipa namba na kuniomba nimwone kwa macho, siyo kwa simu. Nikamwambia niko Istanbul, njoo nikununulie chakula. Akanyamaza kidogo. Kuja Istanbul alihitaji kibali cha safari.

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa utaratibu wa Uturuki, na si utaratibu ambao mtu anaweza kuukisia. Nchi hiyo imesaini mkataba wa wakimbizi wa 1951 lakini ikabakiza sharti la kijiografia: mkimbizi kamili ni yule tu aliyekimbia matukio ya Ulaya. Wasyria walipewa hifadhi ya muda kama kundi. Mwiraki, awe Mwarabu, Mkurdi au Mturkmeni anayeongea lugha inayofanana na ya mwenye nyumba, anaomba mmoja mmoja, na akikubaliwa anaitwa mkimbizi wa masharti, maana yake anasubiri nchi nyingine imchukue. Anapangiwa mkoa wa kuishi. Anakwenda kusaini ili ijulikane hajatoroka. Kutoka nje ya mkoa ni kwa karatasi. Samsun na Çorum zilijaa watu wa Tal Afar kwa namna hiyo. Mmoja alimwita mwenzake, na kodi ya nyumba huko ilikuwa nafuu kuliko Istanbul.

Hatukuonana safari ile. Kibali alikiomba, kikachelewa, mzigo wangu ukatoka, nikarudi. Tukabaki watu wa ujumbe wa sauti.

Maisha yake ameyasimulia vipande vipande, mara nyingi huku anapika. Mumewe alikuwa fundi wa umeme Tal Afar. Samsun alifanya kazi kwenye karakana bila bima wala kibali, kwa sababu kibali cha kazi huombwa na mwajiri, na mwajiri anayeweza kukupata bila kibali anakiombea nini? Mwezi wa Agosti familia nzima inapanda vilimani kuvuna fındık, zile kokwa zinazosagwa ndani ya chokoleti, wanalipwa kwa siku. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa ya chini ya ardhi, kuta zinatoa unyevu, mtoto wa pili akapata kifua. Tangu sheria ilipobadilishwa Desemba 2019, bima ya afya ya waombaji kama yeye inakoma mwaka mmoja baada ya kujiandikisha, isipokuwa kwa wenye mahitaji maalumu. Dawa za kifua wananunua wenyewe.

Watu hudhani lugha iliwarahisishia kila kitu. Iliwarahisishia sokoni. Alivyofika alielewa kila neno la mwenye duka, na mwenye duka alimwelewa, halafu akamuuliza kwa nini anaongea kama watu wa kale. Shuleni watoto walinyoosha lafudhi ndani ya mwaka mmoja, na sasa wanamcheka mama yao. Namwelewa sana hapo. Nimeona watoto wa binamu zangu wa Muscat wakikicheka Kiswahili cha wazazi wao. Bibi akipiga simu anawaimbia hoyrat, mashairi yao ya mishororo minne ambayo kina hurudiwa kwa neno lile lile lenye maana nyingine. Mtu aliyekulia mashairi ya pwani anauonja utamu wake hata akitafsiriwa vibaya. Wajukuu wanasikiliza kwa adabu, kisha wanauliza kama wanaweza kwenda kucheza.

Mwanzoni yeye na mumewe waliandikishwa pia na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wakitumaini kupelekwa Kanada au Marekani. Septemba 2018 shirika hilo likaacha kazi ya kuandikisha waombaji Uturuki, likawaachia wenye nchi. Faili lao lilihamia ofisi nyingine, na yeye anavyolisimulia ni kama mtu anayesimulia kuhusu jamaa aliyehamia mbali asiache anwani.

Tatizo hili la kuandikwa halikuanza na Daesh. Kirkuk ndiko lilikozaliwa. Sensa ya 1957 iliuliza lugha ya mama, ikakuta mjini Kirkuk Waturkmeni ndio wengi kuliko kundi lolote jingine, zaidi ya 45,000 kati ya watu 120,000 na kidogo, Wakurdi wakiwafuata kwa karibu. Tangu hapo kila serikali imekuwa na hamu ya kuibadilisha hesabu ile. Mwaka 1970 Baghdad iliwapa Waturkmeni haki ya kusoma kwa lugha yao, na haikuchukua muda shule hizo zikafungwa. Mwaka 1976 mkoa ukapewa jina jipya, Ta'mim, na Tuz Khurmatu ikakatwa ikatiwa mkoa mwingine. Waarabu wa kusini wakaletwa kwa kupewa fedha na viwanja. Kilele cha yote kilikuwa fomu ya “kurekebisha utaifa”: Mturkmeni au Mkurdi anasaini kwamba yeye kumbe ni Mwarabu. Asiposaini anaweza kunyimwa kununua nyumba, au kufukuzwa mjini. Wazee wa Kirkuk wengi walisaini. Baada ya 2003 Wakurdi waliofukuzwa wakarudi, na Waturkmeni wakalalamika kwamba wanaorudi ni wengi kuliko waliotoka. Katiba ya 2005, kwenye kifungu cha 140, iliahidi sensa na kura ya maoni kabla ya mwisho wa 2007. Haikufanyika. Sensa ya nchi nzima iliyofanyika Novemba 2024 haikuuliza kabila wala madhehebu. Wapo waliosema ni busara. Mimi naona ni woga, ingawa kwa historia ile sijui ningewashauri nini kingine. Angalau Januari 2025 bunge lilipitisha sheria ya kuwarudishia wenyewe mashamba yaliyonyang'anywa kwa amri za enzi za Saddam. Utekelezaji ni habari ya siku nyingine.

Kuna jambo moja mama hakulitaja mpaka nilipomtembelea mara nyingine, akiwa bado Karbala. Mpwa wake alichukuliwa na Daesh. Wanawake na wasichana wa Kiturkmeni waliotekwa ni mamia, na familia nyingi hazikwenda kuandikisha majina yao kwa kuogopa aibu. Wayazidi, pamoja na mateso yao yote, viongozi wao wa dini walitangaza kuwapokea mabinti zao. Kwa Waturkmeni kimya kilitanda. Sheria ya Machi 2021 ya manusura inawataja kwa jina, pamoja na Wakristo na Washabak, jamii ndogo ya eneo la Mosul: posho ya mwezi, kiwanja, matibabu. Lakini lazima mtu ajitokeze, na aandikwe. Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba nyumbani kwao hakuna aliyejitokeza, akaenda kuangalia sufuria.

Tal Afar ilikombolewa mwisho wa Agosti 2017. Mashia walianza kurudi mapema. Mama alirudi 2018, akakuta paa lipo, milango na nyaya za umeme hazipo, hata swichi za ukutani zimeng'olewa. Aliomba fidia chini ya sheria namba 20 ya mwaka 2009. Faili liko Mosul. Kadi yake ya mgao ilirudi Tal Afar baada ya safari nyingi za ofisini, na hilo alinipigia simu kunieleza kwa furaha kuliko alivyonieleza kuhusu nyumba.

Kwa Masunni kurudi ni jambo jingine. Baadhi ya makamanda wakubwa wa Daesh walitoka Tal Afar, na kila mwanaume wa Kisunni wa mji ule amebebeshwa jina lao. Anahitaji kibali cha usalama, na kibali kinaangalia mpaka binamu. Familia nyingi zilizokuwa kwenye kambi ya Yahyawa, karibu na Kirkuk, kambi ya Waturkmeni, ziliambiwa zitoke Novemba 2020 serikali ilipofunga makambi, na kwenda kwao hawakuweza. Wakahamia vyumba vya kupanga pembezoni mwa Kirkuk. Mkwe ana binamu ambaye hajulikani alipo tangu 2014. Anaweza kuwa maiti, mfungwa, au mshirika wa Daesh. Mpaka ijulikane, yeye haendi kokote. Na mkewe akivuka mpaka kwenda kumsalimu mama, ombi lao Samsun linahesabiwa limeachwa.

Kwa miaka kumi hawajaonana. Wajukuu wawili kati ya watatu bibi hajawashika.

Septemba 2024 Uturuki iliondoa viza kwa Wairaki wenye umri wa zaidi ya miaka 50 na walio chini ya 15. Mama ana sitini na kitu. Binti alinitumia habari hiyo usiku wa manane ikiwa na alama za mshangao zisizo na idadi. Mama akaenda kuomba pasi, akaambiwa tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho haifanani na iliyo kwenye daftari la zamani, arekebishe kwanza. Amerekebisha. Sasa pasi anayo, nauli wanae wanachanga, na wanabishana kama apande basi mpaka lango la Ibrahim Khalil au aruke kutoka Erbil. Yeye anataka basi, kwa sababu anataka kubeba bulguri, ngano iliyochemshwa na kupondwa, na jibini la kwao na hataki kupimiwa kilo. Juzi aliniuliza Samsun kuna baridi kiasi gani mwezi wa pili. Nikamwambia khala, mimi mwenyewe sijafika.